Ruta ya nyumbani ina manenosiri mawili: jinsi ya kuifunga kwa simu tu

Ruta ya Wi-Fi ina manenosiri mawili, na watu wengi wanalijua moja tu. La kwanza ni lile analopewa mgeni akishakaa na kuuliza Wi-Fi ya hapa ni ipi. Hilo linamwingiza kwenye intaneti, basi. La pili linafungua ukurasa wa ruta yenyewe, mahali ambapo jina la mtandao, nenosiri la kwanza na kila kitu kingine hubadilishwa. Anayelijua la pili ndiye mwenye ruta, hata kama risiti ya dukani iko kabatini kwako.

Matatizo mengi ya Wi-Fi za nyumbani yanaanzia hapo. Mtu anabadilisha nenosiri la Wi-Fi kila mwezi, lakini la ruta limebaki vile lilivyotoka kiwandani: jina admin, nenosiri admin, au lile lililochapishwa kwenye kibandiko chini ya kifaa. Mgeni akishaingia kwenye Wi-Fi anahitaji kivinjari na dakika moja tu kufika kwenye ukurasa huo. Akifika, atasoma nenosiri lako jipya, na kesho ukilibadilisha atalisoma tena.

Kwa nyumba za Kampala na miji mingine ya Uganda kuna jambo la ziada. Ruta nyingi hapa hazitumii faiba, zinatumia laini ya simu ya 4G au 5G iliyochomekwa ndani. Ukurasa wa ruta za aina hiyo mara nyingi una sehemu ya SMS: ujumbe wote unaoingia kwenye laini ile unasomeka pale, na baadhi ya ruta zinakuruhusu hata kupiga namba za nyota na reli. Sasa fikiria laini hiyo ni namba yako ya zamani, ambayo bado imeunganishwa na akaunti ya benki au barua pepe. Namba za uthibitisho zitatua kwenye ukurasa ambao mlango wake ni admin. Kwa hiyo laini ya ruta iwe ya ruta peke yake. Isiwekwe pesa za simu, isitumike kufungulia akaunti yoyote.

Kazi yote inayofuata inafanyika kwa simu. Kompyuta haihitajiki.

Kufika kwenye ukurasa wa ruta

Unganisha simu na Wi-Fi yako, kisha tafuta anwani ya ruta. Kwenye Android fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa alama ya gia pembeni mwa jina la mtandao, shuka mpaka palipoandikwa "Gateway". Kwenye iPhone gusa alama ya i, anwani iko mbele ya neno "Router". Ruta za 4G za Huawei kwa kawaida hutumia 192.168.8.1. Nyingine nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na vifaa vya faiba vya Huawei hutumia sana 192.168.100.1. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari ukitanguliza http://, maana ukiiandika tupu baadhi ya vivinjari vinaipeleka Google kama swali.

Ukurasa ukikataa kufunguka, ruta haijafa. Angalia mambo mawili. Kwanza, data ya simu: Wi-Fi ikiwa imeishiwa bando, Android inaona haina intaneti na kuhamia kwenye data kimyakimya, na ile 192.168 inatafutwa mahali isipokuwepo. Zima data mpaka umalize. Pili ni VPN, na hapa Uganda hili ndilo linalowapotezea watu muda mwingi zaidi. Tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza Julai 2018, kisha Facebook ikafungwa Januari 2021, simu nyingi zimekuwa na VPN, programu ya kukwepea vizuizi hivyo, inayojiwasha yenyewe bila mwenyewe kukumbuka kwamba ipo. VPN inabeba kila kitu na kukipeleka nje, pamoja na ombi lililopaswa kuishia sebuleni. Izime kwa dakika hizo chache.

Kivinjari kitakuonya kwamba ukurasa huo si salama. Kwa anwani ya ruta yako onyo hilo ni la kawaida, kwa sababu ruta za bei ya chini hazina cheti cha usalama cha tovuti. Kwa tovuti ya benki onyo lilelile lingekuwa sababu ya kukimbia.

Wasiopenda kivinjari wanaweza kutumia programu ya mtengenezaji: Tether kwa ruta za TP-Link, AI Life kwa za Huawei. Ni nyepesi na picha zake zinaeleweka, lakini huwa zinaficha baadhi ya mipangilio, hasa ile ambayo tutaihitaji zaidi, kwa hiyo ujue pia njia ya kivinjari.

Na kama nenosiri la kwenye kibandiko halifungui? Basi kuna mtu alilibadilisha: fundi aliyeifunga, mpangaji aliyetangulia, au aliyekuuzia ikiwa ya mtumba. Kwa ruta ya laini ya simu, tafuta kitundu kidogo nyuma, ingiza ncha ya pini ikiwa imewashwa, bonyeza kwa sekunde 10 hadi taa zote zizime na kuwaka upya. Itarudi kama mpya. Ila usifanye hivyo kwa kifaa cha faiba. Ndani yake kuna mipangilio ya kampuni inayokuletea intaneti, na ukiifuta unaweza kubaki bila mtandao mpaka waipakie tena au watume mtu. Kwa faiba, piga simu huduma kwa wateja uombe nenosiri la ukurasa. Wakikupa lile la mteja, ambalo haliruhusu kila kitu, waombe wao wenyewe wabadilishe yale usiyoyaona.

Badilisha la ruta kwanza

Mpangilio wa hatua una maana yake. Ukianza na nenosiri la Wi-Fi, simu itakatika papo hapo na utalazimika kuunganisha upya kabla ya kuendelea. Anza na la ruta. Linapatikana chini ya "System", "Administration" au "Management", kutegemea kifaa. Weka refu, liandike kwenye karatasi na ulibandike ndani ya mlango wa kabati. Mtaalamu wa ofisini angeguna, lakini nyumbani mwizi wa mtandao hayuko chumbani kwako, na karatasi haidukuliwi kutoka ng'ambo.

Kisha nenda kwenye nenosiri la Wi-Fi. Hapa kuna tabia moja ya kwetu inayostahili kuangaliwa kwa karibu: kuweka namba ya simu kama nenosiri. Ina tarakimu 10, inakumbukika, na inaonekana ndefu. Mwizi hajaribu manenosiri mlangoni moja moja. Anakaa nje na kompyuta ndogo, anatuma ishara inayoikata simu yako kwenye Wi-Fi kwa nukta moja, simu inaporudi kujiunga ananasa salamu inayopita kati yake na ruta, kisha anaondoka. Kubahatisha anakwenda kukufanyia kwake, kwa kasi ya mashine, na ruta yako haitajua lolote.

Piga hesabu. Namba za Uganda zinaanza na vitangulizi vichache vinavyojulikana: 077, 078, 076, 070, 075, 074. Kila kimoja kinafuatwa na tarakimu 7, yaani namba milioni 10. Vyote sita ni milioni 60. Kadi nzuri ya michoro, ya zile wanazonunua wacheza gemu, inajaribu zaidi ya laki tano kwa sekunde dhidi ya WPA2. Milioni 60 zinakwisha ndani ya dakika 2. Tarehe ya kuzaliwa haihesabiki hata kidogo.

Sasa chukua maneno manne yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa kufungua kamusi kurasa nne bila kuchagua, mfano wa kibuyu-treni-methali-kamba. Kama kila neno limetoka kwenye orodha ya maneno 5,000, kuna michanganyiko trilioni 625, na kadi ileile ingehitaji takriban miaka 40 kuimaliza. Ongeza neno la tano na hesabu inazidishwa mara 5,000. Changanya Kiswahili na Luganda au Kilugbara ukipenda. Usichukue maneno yanayofuatana kwenye wimbo au methali, maana hayo hayajaokotwa, yamenukuliwa. WPA2 inakubali herufi kuanzia 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi haikosekani.

Kabla ya kubonyeza "Save" au "Apply", jua kwamba ukurasa utaganda. Hilo ndilo linalotakiwa kutokea: simu imetolewa kwa kuwa inatumia nenosiri la zamani. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uusahaulishe mtandao ule, ujiunge upya. Televisheni, printa na kamera navyo vitahitaji kuingizwa upya. Ruta ikiwa na masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, hakikisha umebadilisha yote. Ni rahisi mno kubadilisha moja na kuacha jingine likiwa na nenosiri lile la zamani.

WPA2, WPA3, na kitufe cha kuzima

Kwenye ukurasa huohuo wa Wi-Fi kuna sehemu ya aina ya usalama, na ndipo vifupisho vinapowachanganya watu. WEP ni ya miaka ya 1990, na kasoro zake zilianikwa mwaka 2001. Kwa vifaa vya leo inavunjwa kwa dakika chache hata nenosiri likiwa zuri namna gani. WPA ya 2003 ilikuwa kiraka cha muda. WPA2 ilikuja 2004 na bado inafaa nenosiri likiwa refu. WPA3 ya 2018 inaondoa lile tatizo la kunasa salamu na kwenda kubahatisha nyumbani: kila jaribio lazima lifanywe na ruta yenyewe, ana kwa ana, na hiyo inamrudisha mwizi kwenye mwendo wa kobe.

Chagua WPA2/WPA3 kama ipo. WPA3 peke yake inaweza kuifungia nje televisheni au simu ya zamani, na utadhani umekosea nenosiri. Kama ruta haina WPA3, chagua WPA2 yenye AES. Usichague iliyoandikwa TKIP. Mbali na udhaifu wake, TKIP inaweza kuibana Wi-Fi isizidi megabiti 54 kwa sekunde, ndiyo maana wengine wanalipia kasi wasiyoiona.

Kisha tafuta WPS na uizime. Hii ni njia ya kujiunga kwa PIN ya tarakimu 8 bila nenosiri. Tarakimu 8 zinaonekana nyingi, lakini ya mwisho inatokana na zile 7 za mwanzo, na ruta inajibu nusu mbili kando kando: kwanza inasema kama nne za mwanzo ni sahihi, halafu tatu zinazobaki. Badala ya mamilioni, majaribio ni 10,000 ukijumlisha 1,000. Kasoro hiyo ilitangazwa Desemba 2011, na ruta nyingi bado zinauzwa WPS ikiwa imewashwa. Nenosiri lako la maneno matano halisaidii kitu kama mlango huu uko wazi.

Linavyovuja

Nenosiri zuri halivunjwi, linagawiwa. Tangu Android 10, simu iliyounganishwa na Wi-Fi inaweza kuonyesha msimbo wa QR wa mtandao huo, na simu nyingi huandika nenosiri lenyewe chini ya msimbo. Mtoto wa jirani uliyempa mara moja anaweza kuwapa wenzake kumi bila kukuuliza. Zipo pia programu za kutafuta Wi-Fi za bure ambazo hukusanya manenosiri kutoka simu za watumiaji wake na kuyaweka kwenye ramani, kwa hiyo mgeni mmoja mwenye programu hiyo anatosha.

Kwenye nyumba za muzigo za Nansana au Bwaise, ambako vyumba vimepangana kwa safu na ukuta ni wa tofali moja, Wi-Fi ya chumba cha kwanza inasikika mpaka cha tano. Kumnyima jirani kabisa si rahisi, na wengine huchangia bando kwa makubaliano. Dawa ni mtandao wa wageni, "Guest Network". Una jina lake na nenosiri lake, na ukiwekwa sawa aliye ndani yake anapata intaneti bila kuona ruta, televisheni wala kamera zako. Ruta nyingine zinakuruhusu kuwawekea wageni kikomo cha kasi au kuweka muda wa kuzima. Peleka huko pia vifaa usivyoviamini: kamera ya bei rahisi, taa za kuwasha kwa simu. Zima chaguo linalowaruhusu wageni kuonana na vifaa vya ndani.

Kuna sababu nyingine ya kutogawa ovyo. Laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, iliyorekebishwa 2022, inagusa pia yale yanayoandikwa na kutumwa mtandaoni, na jirani akituma matusi au utapeli kupitia Wi-Fi yako, jina la kwanza kuonekana ni la mwenye laini.

Nani yumo ndani?

Bando la mwezi likiisha siku ya kumi, usianze kwa kumshuku jirani. Angalia kwanza sasisho za simu na video za televisheni. Kisha fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ukurasa wa ruta. Programu ya Fing nayo inaonyesha orodha, ila ya ruta ndiyo ya kuaminika zaidi, kwa kuwa ruta ndiyo inayotoa anwani.

Majina mengi yatakuwa ya ajabu. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitengenezea anwani ya bandia ya kifaa (MAC) kwa kila mtandao, kwa hiyo ile inayoonekana si ile halisi ya simu. Herufi ya pili ya anwani ikiwa 2, 6, A au E, basi ni ya kubuniwa. Njia ya uhakika ni ya kizamani: zima Wi-Fi kwenye vifaa vyako kimoja baada ya kingine na uangalie ni kipi kinachotoweka. Kitakachobaki bila mwenyewe ndicho cha kuulizia, ingawa ukibadilisha nenosiri wote wanatoka bila maswali.

Kwa sababu hiyohiyo, kuzuia watu kwa anwani za vifaa ni kujisumbua. Anayezuiwa anaibadilisha kwa kugusa mara moja. Kuficha jina la mtandao nako hakufichi kitu: simu yako itakuwa ikiliita jina hilo kila inapokwenda, sokoni Owino na kwenye teksi, ili kuutafuta mtandao usiojitangaza.

Mambo ya ndani zaidi

Zima usimamizi wa mbali, "Remote Management", kama upo. Hakuna sababu ya ukurasa wa ruta ya nyumbani kufunguliwa kutoka nje. Zima na UPnP, njia inayoviruhusu vifaa vya ndani kujifungulia milango kwenye ruta, isipokuwa kuna gemu au kamera inayoihitaji kweli. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani, bila ujanja mwingine wowote wa maana.

Angalia DNS, yaani anwani ambayo ruta inaiuliza tovuti fulani iko wapi. Aliyewahi kuingia anaweza kuwa ameibadilisha, na jina sahihi la tovuti likakupeleka kwenye ukurasa wa uongo. Ukikuta namba usiyoitambua, irudishe iwe ya kujiweka yenyewe au weka 9.9.9.9 ya Quad9, ambayo huzuia tovuti nyingi zinazojulikana kwa utapeli. Android 9 na kuendelea inakuwezesha kuweka kinga hii kwenye simu yenyewe: tafuta DNS ya faragha kwenye mipangilio na uandike dns.quad9.net. Hapo hata ruta ya hoteli haitakudanganya kwa njia hiyo.

Sasisha programu dhibiti ya ruta. Huchukua dakika chache, na katika dakika hizo umeme haupaswi kukatika, kwa sababu ruta iliyokatwa katikati inaweza isiwake tena. Angalia yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kabla ya kuanza, usiifanye jioni mvua inapotishia, na kama una UPS ndogo ya ruta ichomeke kwanza. Ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho imezeeka hata kama inang'aa. Ukipata pesa ya nyingine, ibadilishe.

MiFi, yaani ruta ndogo za mfukoni, zina ukurasa uleule na udhaifu uleule. Data unayogawa kutoka simu yako haina ukurasa huo, kwa hiyo shughulikia nenosiri na aina ya usalama tu, na uizime ukimaliza.

Ukishamaliza yote, jaribu kazi yako kama mgeni. Unganisha simu nyingine na mtandao wa wageni, zima data na VPN, kisha andika anwani ya ruta kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingilia ukifunguka, huenda kuna swichi ya kutenganisha wageni ambayo bado haijawashwa. Rudi uitafute.